Mlango Asiouingia

Ndege ya asubuhi ilikuwa imeshamaliza kushusha abiria wake, na Meneja bado amesimama kwenye ukumbi wa kuwasili, bango mkononi, anamngoja mgeni asiyetokea. Watu wanapishana na mizigo, madereva wa teksi wanagombea mabegi ya wenzao, na kipaza sauti kinatoa maneno ambayo hata anayeyasema nadhani hayaelewi. Alivaa gauni la kijani la kazi, limepigwa pasi likanyooka, na viatu vipya vilivyokuwa vikimbana vidole.

"Huyo mgeni wako kakukimbia," sauti ikasema ubavuni.

Akageuka. Mwanamume mrefu, shati jeupe, mikono imekunjwa hadi kwenye viwiko, begi dogo begani. Macho yake ya kutaka kucheka.

"Nani kakutuma kunihesabia wageni wangu?"

"Hakuna. Nimeona bango limeanza kuinama, nikalihurumia."

"Bango halitaki huruma, kaka. Linataka mgeni."

"Basi nifanye mimi mgeni wako."

Akainama kulisoma. Chini ya jina la mgeni kulikuwa na jina la hoteli, na alipofika hapo uso ukambadilika kidogo, kama mtu aliyekumbuka kaacha jiko linawaka nyumbani. Meneja aliliona hilo, akaliweka moyoni. Amekulia hotelini, na mtoto wa hotelini humsoma mtu kabla hajafungua begi. Lakini namba ya simu alimpa vilevile, maana cheko la yule bwana lilikuwa limeshamwingia.

Sasa tuelewane kuhusu hoteli yenyewe. Ilikuwa ndogo, ghorofa mbili, ameiacha marehemu baba yake. Mama yake alishika jiko. Mjomba wake alishika mapokezi, mtu asiyemwamini yeyote, hata saa ya ukutani alikuwa akiilinganisha na redio. Meneja alishika vilivyobaki, yaani kila kitu. Kiwanja kilikuwa cha serikali. Na serikali, baada ya kujenga uwanja mpya wa ndege na kuweka lami mpaka mlangoni kwao, ilikuwa imewaita wenye hoteli wote ukumbini ikawaambia wazi: hoteli za barabara hii lazima zifike nyota tatu. Isiyofika, mkataba wa kiwanja hauongezwi, apewe mwekezaji atakayeweza.

"Wakaguzi watakuja kama wageni wa kawaida," ofisa wa wizara alisema. "Hamtawajua. Hoteli ikiwajua, ukaguzi unafutwa, na mkaguzi aliyevujisha siri kazi hana."

"Unaona?" Mjomba alimnong'oneza. "Serikali ikikuwekea lami, ujue kuna kitu inakuja kuchukua."

Tangu siku hiyo kila mwanamume aliyekuja peke yake, viatu vinang'aa, alihudumiwa kama bwana harusi. Kuna mmoja Mjomba alimlisha kuku mzima, akambebea begi hadi chumbani, kumbe ni muuza magodoro, naye alidhani ameshapata mteja.

Mapenzi nayo yakaendelea huko nje. Yule bwana alimwita Meneja, naye akamwita Mgeni, na simu haikupoa.

"Umekula, Mgeni?"

"Nimekula, lakini sijashiba sauti yako."

"Maneno hayo umewaambia wangapi?"

"Wewe na muuza vocha tu."

Alisema ni mfanyakazi wa serikali, anazunguka mikoani, mambo ya majengo. Basi, hapo alifunga. Alikuwa na vituko vyake pia. Kila mgahawa walioingia, alipitisha kidole juu ya fremu ya mlango, akakitazama, akakifuta kwenye leso.

"Wewe mama yako alikuwa mpiga deki?" Meneja alimtania.

"Alikuwa mkali kuliko wapiga deki wote."

Lakini kituko kimoja hakikumchekesha. Mgeni hakukubali kuingia hotelini kwao. Alimsindikiza mpaka kona ya duka la dawa, akaishia hapo. Mama ameandaa chakula, hapana. Mvua inanyesha, hapana, alisimama kwenye mvua ile kama nguzo ya umeme, mwavuli kampa yeye.

"Una mke?" Meneja alimuuliza siku moja bila kuzunguka.

"Sina."

"Basi unatuonea haya? Hoteli yetu ndogo?"

"Nipe muda, mpenzi. Siku ya kuuingia mlango wenu itafika, na nitakwambia kwa nini ilichelewa."

Mtu anayependa angeridhika na jibu hilo. Meneja alipenda lakini hakuridhika. Alianza kusikiliza anachosema na anachokiruka. Akamchunguza kidole cha pete. Akamwuliza jambo moja mara mbili kwa siku tofauti aone kama majibu yanafanana. Majibu yalifanana, na hilo nalo likamtia wasiwasi.

Halafu ikaja simu ya shoga yake, mpokea wageni wa ile hoteli mpya ya vioo upande wa pili wa mji.

"Shoga, umeketi?"

"Sema."

"Yule bwana wa picha uliyonionyesha yuko hapa kwetu. Kaja na mkewe. Kitanda kimoja, wameandikishwa mume na mke."

Meneja hakumbuki alivyofika. Anachokumbuka ni sakafu inayoteleza, maua ya plastiki, na Mgeni amekaa kwenye kochi kavaa koti la kijivu ambalo hajawahi kuliona. Pembeni yake mama mmoja wa makamo, mkufu shingoni, miwani imening'inia kifuani, anamtengenezea kola kwa mkono uliozoea.

"Kumbe hapa unaingia," Meneja akamwambia.

Mgeni akasimama. Wahudumu wawili wakageuka kuwatazama. Msimamizi wa zamu naye akatoa kichwa ofisini.

"Mume wangu," yule mama akasema taratibu, "huyu dada ni nani?"

Mgeni akamtazama Meneja.

"Simjui," akasema. "Dada, labda umenifananisha."

Meneja hakupiga kelele wala hakulia mle ndani. Alisema, "Samahani, nimefananisha," akageuka, akatoka na viatu vyake vinavyobana. Alilia kwenye teksi, dereva akafunga redio kwa heshima. Iliuma, jamani. Angesema ni dada yake, angesema ni bosi wake, angesema uongo wowote ule, lakini si neno lile.

Simu zikaja mfululizo. Hakupokea hata moja.

"Nilijua," Mjomba alisema. "Mtu haingii kwa watu ana kitu."

"Mwache mtoto," Mama akasema kutoka jikoni. "Umejua wewe, kaumia yeye."

Meneja akajitupa kwenye kazi. Alibadilisha mapazia, akapaka rangi chumba cha mbele, akakiwekea godoro jipya kutoka kwa yule muuzaji aliyekula kuku. Kingekuwa chumba cha mkaguzi, atakapojulikana. Bomba la maji ya moto la ghorofa ya juu hakuliweza, ni la tangu enzi za baba.

Ndipo alasiri moja, akiwa anapanga funguo, akaingia mume na mke. Mume mfupi, tumbo mbele, kofia ya jua. Mke ana mkufu shingoni na miwani imening'inia kifuani.

Ni yuleyule mama.

Meneja aliinama haraka nyuma ya kaunta akajifanya anatafuta kalamu. Mama huyu ana waume wangapi? Mjomba, aliyekuwa akiwavizia wanaume wa peke yao tu, aliwapa chumba cha mwisho juu, kilichofuata kwa zamu, akarudi kwenye redio yake.

Meneja akapanda na mataulo, anataka amwone vizuri yule mama. Mlango ulikuwa wazi nusu. Yule mama amesimama kwa ncha za vidole, anapitisha kidole juu ya fremu ya mlango wa bafu. Akakitazama, akakifuta kwenye leso. Mume wa leo kaweka kiganja chini ya bomba, macho kwenye saa.

Mataulo nusura yamwanguke. Akakiona kidole cha Mgeni kwenye kila mgahawa. Akaiona kola ikitengenezwa mbele ya wahudumu wa hoteli ya vioo. Watu wanavizia wanaume wa peke yao, kumbe wizara inawatuma wawili wawili, kama wanandoa. Na angesema nini Mgeni pale, mbele ya wahudumu wote wale, zaidi ya simjui?

Alishuka ngazi na wazo jingine. Akachukua ufunguo wa chumba cha mbele. Godoro jipya, mapazia mapya, maji yanayowahi. Dakika moja tu: samahani wazee, tumewapandisha daraja. Hoteli ya baba ingekuwa imepona.

Akasimama na ule ufunguo. Yule mama alimwona siku ile pale kwenye vioo, na si mtu wa kusahau uso. Akihamishwa ghafla, atajiuliza huyu binti kajuaje, na jibu atakalolipata lina jina la mtu mmoja. Mgeni hakumwambia kitu. Aliufunga mdomo mpaka akampoteza. Nani angeamini?

"Vipi, kuna tatizo na wale?" Mjomba akauliza, tayari kutilia shaka.

"Hakuna, Mjomba. Wageni tu."

Akaurudisha ufunguo kwenye msumari wake. Ndiyo, aliogopa. Aliiona hoteli ya baba yake ikibomolewa, bango la mwekezaji limesimama pale ilipokuwa kaunta.

Jioni yule mama alishuka peke yake, akaegemea kaunta, akavaa miwani.

"Binti, tumewahi kuonana?"

Meneja alimtazama machoni.

"Hapana, mama. Sikujui."

Yule mama akamsoma uso. Kisha akasema, "Maji ya moto kule juu yanachelewa."

"Yanachelewa, mama. Bomba ni la zamani, hatujaliweza bado. Lakini ukiyangoja yanakuja."

"Haya," mama akasema, akaenda kula.

Wiki zikapita, hana usingizi wala hamu ya chakula. Mpaka gari la wizara liliposimama mlangoni, wakashuka vijana na kibao cha shaba. Nyota tatu. Ya tatu kwa sharti la kutengeneza bomba. Mama alitoka jikoni na unga mikononi, akakaa kwenye ngazi akalia. Mjomba alikikwangua kibao kwa ukucha aone kama si cha bandia.

Vijana walipoondoka, kwenye kona ya duka la dawa alikuwa amesimama mtu, shati jeupe, begi begani. Akavuka barabara. Akafika mlangoni, akasimama.

"Siku nilipolisoma bango lako," akasema, "nilikwenda ofisini nikaomba nisipangiwe hoteli yenu. Wakakubali, kwa sharti nisiukanyage mlango wenu mpaka matokeo yatoke. Na nisimwambie mtu, hata wewe."

"Ulisema hunijui."

"Nilisema. Nimelala nalo kila siku neno hilo."

"Na mimi nilimwambia mkeo simjui."

Mgeni akacheka, macho yamelowa. "Alinisimulia. Amenambia nisipokuoa atanitoa kasoro mwenyewe. Nataka niandikishwe na mke wa kweli safari hii, Meneja."

Mjomba akaja nyuma ya mpwa wake. "Huyu ana kitambulisho?"

"Nimeshamsoma, Mjomba." Akamgeukia Mgeni. "Chumba kilichopo ni cha mwisho juu. Maji ya moto yanachelewa. Na jibu langu nalo litachelewa kidogo, nimekasirika bado."

"Nitangoja."

"Mwulize kama amekula," Mama akapaza sauti kutoka ndani.

Mgeni akainua mguu, akavuka kizingiti kwa mara ya kwanza, na mkono wake, kwa mazoea tu, ukapanda kuelekea fremu ya mlango. Meneja akaudaka kabla haujafika. Akaushika hivyo hivyo, hakuuachia, wakaingia.