Elieth na Jina la Pikipiki

Kila asubuhi Elieth alifagia uwanja, akanywa uji wa ulezi, kisha akavaa sare yake ya shule. Alikuwa darasa la tano. Alihamia Turwa, mjini Tarime, kutoka Nyambureti, akaishi na shangazi yake Honoratha, mama mpole aliyelima ndizi na mchicha pembezoni mwa mji.

Elieth alikuwa na kigugumizi. Kule Nyambureti watoto walikuwa wamemzoea tangu utotoni, wakimsubiri amalize neno lake. Turwa haikuwa hivyo. Siku aliyosimama kusoma mbele ya darasa, neno la kwanza lilikwama. "Ta-ta-ta..." alisema.

"Pikipiki imegoma kuwaka. Piga kiki!" alisema Mogesi, msichana mrefu aliyeketi nyuma.

Darasa zima lilicheka. Mwalimu Cleophas aligonga meza, akamwambia Elieth aketi, na somo likaendelea. Tangu siku hiyo Elieth aliitwa Pikipiki. Akienda bombani, Mogesi na wenzake walimfuata wakiunguruma. Akijibu swali, walipiga teke hewani kama mtu anayewasha injini. Hata Esta, waliyeketi naye dawati moja, alicheka.

Elieth akaacha kunyoosha mkono darasani. Kisha akaacha kwenda shule kabisa. Aliaga nyumbani kama kawaida, lakini alipofika kwenye migomba aliingia ndani, akakaa hapo hadi alipowasikia wenzake wakirudi.

Shangazi Honoratha alimkuta huko alipokwenda kumkatia ng'ombe majani. Elieth alisimama haraka. Alijua atachapwa.

"Shi-shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu." Shangazi alitua mzigo wake, akaketi juu ya majani makavu. "Kaa hapa. Niambie kinachokufukuza shuleni."

Elieth alieleza. Alichukua muda mrefu, kwa sababu kilio na kigugumizi vilimjia pamoja. Shangazi hakumkatiza wala kumsaidia kumalizia maneno. Alimfuta machozi kwa upindo wa kanga yake.

"Umebeba mzigo huu peke yako," alisema mwishowe. "Kesho tutamwona mwalimu wako."

"Wa-wataniita mbea, shangazi."

"Mbea humsema mtu ili amharibie. Wewe unasema ili usiumizwe. Hayo ni mambo mawili tofauti."

Jioni hiyo Esta alikuja nyumbani. Alisimama mlangoni akichezea vidole vyake. "Elieth, unaumwa? Siku hizi hatukuoni." Esta aliinamisha kichwa. "Najua ni kwa sababu ya lile jina. Hata mimi nilicheka. Niliogopa nisipocheka, watanigeukia mimi. Nisamehe."

Elieth alisogea kidogo kwenye mkeka, Esta akaketi karibu naye.

"Kesho utakuja nasi kwa mwalimu?" shangazi aliuliza.

"Nitakuja, mama. Nitasema nilichokiona."

Asubuhi walikwenda wote watatu. Mwalimu Cleophas aliwasikiliza, kisha akamwita Mogesi.

"Ilikuwa utani tu, mwalimu," Mogesi alisema.

"Elieth, na wewe unaona ni utani?"

Esta alimshika Elieth mkono. "Ha-hapana," alisema. "Si-sipendi. Na-naumia. Ji-jina langu ni E-E-Elieth."

Neno la mwisho lilichelewa sana kutoka, lakini hakuna aliyecheka. Mogesi alitazama sakafu. Pengine alikuwa hajawahi kumsikiliza Elieth hadi mwisho. "Nisamehe, Elieth," alisema kwa sauti ndogo. Mwalimu alimweleza kwamba mzazi wake angeitwa, na kwamba yeye mwenyewe angefuatilia jambo hilo hadi liishe.

Halikuisha kwa siku moja. Kuna wavulana waliounguruma tena bombani. Elieth aliwaambia, "Sipendi," akaondoka na Esta, wakamweleza mwalimu. Mogesi hakuwa rafiki wa Elieth, lakini hakumwita tena jina lile. Na wachekaji walipopungua, mchezo wenyewe ukakosa ladha.

Siku moja Elieth alinyoosha mkono, akaomba kusoma. Alikwama mara nyingi. Darasa lilisubiri. Alipomaliza ukurasa mzima, Esta alianza kupiga makofi, na wengine wakafuata.

Mwalimu Cleophas alifunga kitabu chake, akasogea katikati ya madawati.

"Siku ya kwanza nilisikia kicheko kile, nikadhani kugonga meza kunatosha," alisema. "Nilikosea, na Elieth aliumia peke yake. Sikieni, wanangu. Utani ni pale wote wawili wanapocheka. Mmoja akilia, huo ni uonevu. Ukionewa, usijifiche wala usipigane. Sema hutaki, kaa na wenzako, mweleze mtu mzima. Asipokusikia, mweleze mwingine. Na wewe unayeona mwenzako akionewa, usicheke. Nenda usimame karibu naye, hata kama unaogopa."

Kisha akamgeukia Elieth. "Ukurasa unaofuata, mwanangu. Tunakusikiliza."