Kisu cha Baba Kibonge

Kitunguu kilishakatwa, kisu kimewekwa chini, na bado kisu kinalia. Sauti nyembamba, kama birika linalotaka kuchemka, na jiko limezimwa. Mama Kibonge akakigusa kwa ncha ya kidole. Cha moto.

"Baba Kibonge, hiki kisu chako kina nini?"

"Kina makali," mumewe akajibu, anavua buti.

Alikuwa fundi kwenye kituo cha umeme. Kisu alikichonga mwenyewe, akikisugua kwenye kizingiti cha mlango, kutoka kipande cha panga la mtambo, yale mapanga yanayosukumwa na mvuke. Lilikatika, likavunja na wenzake. Chuma kisichoshika kutu, akaona kitupwe cha nini.

Tangu hapo mtambo haukutulia. Wanafunga mapanga mapya, unazunguka kidogo, linakatika jingine. Viwanda vimefungwa, hospitali inabembeleza jenereta, na Mama Kibonge amechoka, jamani, amechoka kumwaga maziwa yaliyoganda, kumwogesha mtoto kwa tochi ya simu, kuambiwa kila jioni kesho utawaka.

"Wakubwa wanasemaje?"

"Wanaunganisha vipande mezani, waone ufa ulianzia wapi. Kimoja hakipo. Bila hicho wanabahatisha tu."

Wote wawili wakakitazama kisu.

"Kirudishe."

"Nifukuzwe kazi?"

"Humo mna jini, mume wangu," akanong'ona. "Linataka mwili wake mzima."

Kabla mumewe hajacheka, harufu ya mafuta yaliyoungua ikajaa jikoni, masufuria yakaanza kutetemeka moja baada ya jingine, mluzi ukapanda mpaka meno yakauma, na kisu kikazunguka chenyewe sakafuni, polepole, kisha kasi, mpaka likabaki duara tu linalong'aa, na katikati ya lile duara kitu kikavuta pumzi ndefu, ndefu, kama mtu aliyefungiwa miaka.

Fundi akalitupia gunia lililolowa maji, akakikunja kisu humo, akakimbia nacho kituoni bila buti.

Hawakumfukuza. Ufa ulionekana, mapanga yakafungwa, na jioni moja taa zikawaka, mtaa mzima ukapiga vigelegele. Mama Kibonge akalia kwa raha. Mumewe akaingia, uso umemshuka.

"Kipande hakikuingia mahali pake?"

"Kiliingia. Ila nilikinoa, kimepungua. Mkubwa anauliza unga wa chuma nilichosugua uko wapi."

Kizingitini, anapopenda kukaa, Kibonge alikuwa akilamba viganja. Vya kijivu. Akamwona mama yake, akatabasamu, akafungua kinywa, na ule mluzi ukatoka, mwembamba, unapanda.

Taa zikaanza kufifia.