Krimu ya Duka la Eliza

Rubeni alikuwa ameshusha nusu ya kabichi za Kwai pale gulioni Soni, mgongo ukimuuma, alipomwona mchumba wake, Janeth, kwenye meza ya nyanya. Gauni la kitenge cha bluu alilijua, alilinunua yeye. Uso hakuuona. Janeth alikuwa amejifunga mtandio mpaka chini ya macho.

Alimfuata na matope yake mikononi.

"Simu hupokei. Meseji hujibu. Kama umepata mwingine niambie hapa hapa, nimechoka."

"Rubeni, watu wanatutazama."

"Watazame. Huyo mwanaume ni nani?"

"Mwanaume! Na uso huu?" Janeth akateremsha mtandio.

Mashavu yalikuwa yamevimba, mekundu, ngozi inabambuka. Kwenye paji la uso palikuwa na weusi mpya. Muuza nyanya akageukia nyanya zake.

"Umeungua," Rubeni alisema. "Vibaya."

"Ahsante. Wengine wote wananiambia nimependeza."

Wakaingia kwenye pikapu, kukiwa na harufu ya kabichi na dizeli, Janeth akaeleza. Alitaka ang'ae kabla ndoa yao haijatangazwa kanisani, maana siku hiyo wachumba husimama mbele na usharika mzima huwakagua. Akanunua krimu ya kukoroga, kopo jeupe lisilo na jina. Ilipoanza kumchoma, aliyemuuzia akamwambia kwa simu kwamba ngozi ya zamani ndiyo inatoka, aongeze. Akaongeza.

"Zahanati umekwenda?"

"Nimekwenda. Nesi kaniambia niache kabisa, akanipa dawa. Halafu akataka nilete kopo na nitaje duka, aripoti serikalini wengine wasiungue. Nikamwambia nimesahau."

"Mtu anasahau duka? Duka gani, Jane?"

Janeth alitazama nje.

"La dada yako."

Rubeni akalaza kichwa kwenye usukani. Mama yao alipofariki, Eliza ndiye aliyemlea, akaacha shule ili yeye ale.

"Ndiyo maana nilitaka kukuacha," Janeth alisema. "Nikimtaja, nakugombanisha naye. Nikinyamaza, kila nikiona mtu anatoka pale na kopo, usingizi unanipaa."

Rubeni aliinua kichwa. Akawasha gari, wakaenda dukani kwa dada yake.

Eliza alikuwa nyuma ya kaunta, kucha nyekundu, wigi jipya.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, bwana harusi! Mbona umekunja uso kama mdai kodi? Na wifi yangu huyo, karibu."

"Nataka kopo moja la ile krimu. Tunalipeleka zahanati."

Eliza akamtazama Janeth usoni kwa mara ya kwanza. Kicheko kikamkauka.

"Umekuja kunifungia duka? Mimi niliyekubeba mgongoni?"

"Ulinibeba, dada, sijasahau. Lakini huyu ndiye ninayemwoa, na hivi ndivyo alivyo sasa."

"Mbona mimi napaka?"

"Na hapo shingoni mbona umefunika?"

Eliza akaishika skafu yake. Akatoa kopo, akalisukuma juu ya kaunta, akawapa mgongo.

Zahanati, nesi alilinusa kopo, akaliweka kwenye mfuko. Akauliza Janeth alipaka wapi, lini ilianza kuwasha, kama alitumia kitu kingine. Janeth alijibu vizuri mpaka swali la duka. Hapo akakwama. Rubeni akalitaja yeye, jina la duka na la mwenye duka, sauti imechoka kama ya mtu aliyepandisha mlima na gunia.

Nje walikaa kwenye benchi, ukungu ukishuka.

"Jumapili tunasimama mbele," Rubeni alisema.

"Na sura hii? Watasema umeokota."

"Na mimi watasema nini, na tumbo hili? Wanione na wewe, basi. Au hutaki?"

"Sijasema sitaki." Akamwegemea begani. "Unanuka kabichi, mpenzi."

Simu ya Rubeni ikaita. Eliza. Akaitazama, akaipokea, akaweka spika.

"Nimetoa makopo yote rafuni," Eliza alisema. Sauti ilikuwa nzito. "Lakini wapo walionunua. Mwalimu mmoja, na wenzangu wa kwaya. Nitawaambiaje, Rubeni? Naanzaje?"

Janeth akaichukua simu mkononi mwa Rubeni.

"Shikamoo, wifi. Nitajie wa kwanza, nampigia mimi."

Eliza alilia kwanza. Kisha akataja jina.