Mstari wa Matamba Uliolala

Lori la Bedford lilikata kona ya kutoka Njombe bila kugusa breki. Nyuma yake Land Rover ya Linus ilikuwa ikila matope.

Redio ikakoroma. "Chui, hapa Kiota. Kizuizi cha Makambako tayari. Una uhakika safari hii?"

Safari hii! Linus akasaga meno.

Alikuwa kachero wa serikali ya Mwingereza, bastola ya Webley kiunoni, rula mfukoni. Wenzake waliicheka hiyo rula. Walicheka zaidi alipomfunga mjomba wake.

Ilikuwa hivi. Bunduki zilipitishwa ndani ya magunia ya pareto, kuwaendea walowezi waliopania kuliteka boma la Njombe kabla Mwafrika hajapiga kura. Linus akachukua uzito wa magunia ya kila kituo, mwezi kwa mwezi, akatia nukta kwenye karatasi ya grafu. Nukta ya juu kuliko zote ilikuwa ya Tandala. Mpimaji wa Tandala ni Filemoni, mzee wa kanisa, ndugu wa mama yake.

Akamtia pingu mlangoni pa kanisa, Jumapili, kwaya nzima ikitazama.

Nukta moja ilimtosha msomi wetu!

Leo asubuhi ndipo alipokumbuka kupitisha mstari katikati ya nukta za kila kituo. Wa Ikonda ulipanda masika, ukashuka kiangazi. Wa Tandala vilevile, ila juu zaidi, maana ukungu wa kule hauna kwao. Pareto kavu hunywa unyevu wa hewa, gunia likaongezeka uzito. Kila mtoto wa Ukinga anajua, Linus naye akiwemo.

Mstari wa kituo cha Matamba ulilala chali. Mvua, jua, hautikisiki.

Walanguzi walipima kila gunia likawa sawa na mwenzake, wakadhani usawa ndio utaonekana uaminifu. Lakini chuma hakinywi ukungu.

"Kiota, nina uhakika."

Risasi kutoka kwenye lori ikapasua kioo cha Land Rover. Linus akainama, akatoa mkono wenye bastola dirishani.

Pa! Pa!

Tairi la nyuma likapasuka. Lori likayumba, likalala ubavu mbele ya kizuizi. Magunia ya Matamba yakatapika maua ya pareto kiganja kimoja tu, na bunduki za Mauser tele.

Bwana Harkness, mlowezi wa mashamba ya miti ya miwati, akatambaa kutoka kwenye usukani, damu puani.

"Nani amenisaliti?"

"Magunia yako, Bwana. Hayajui masika."

Jioni, bomani Njombe, Harkness alikuwa kwenye kiti cha mto, chai mkononi, akingojea kurudishwa kwao kwa meli. Filemoni akatolewa mahabusu.

"Kamwene, mjomba."

Mzee aliendelea kufunga kamba za viatu.

"Yule wamempa chai," alisema. "Mimi walinipa ndoo."

"Nilikosea, mjomba. Jumapili nitasimama kanisani niseme."

"Sema. Kiti changu cha baraza la kanisa wamempa Abrahamu. Chora basi mstari wa kumwondoa."

Linus akatoa ufunguo wa gari.

"Nikupeleke nyumbani."

"Kwa gari lililonileta? Asante, mpwa wangu. Miguu ninayo."

Akavaa kofia, akashika barabara ya Tandala, safari ya kulala njiani.

Redio ikaita: "Kazi safi, Chui! Bwana Mkubwa anataka kukupa mkono."

Linus akaizima. Akauacha ufunguo kwenye gari, akainua kola ya koti, akamfuata mzee kwa miguu, polepole, kwa mbali kidogo.

Filemoni hakugeuka.