Mtembeza Wageni wa Jawa

Bwana Lorenzi, mzungu mtalii, alikutwa amekufa hemani mwake, Salale, asubuhi moja ya mwaka ule Wamatumbi walipong'oa pamba ya Wadachi na vita vya maji vikaanza.

Jeraha lilikuwa moja tu, kisogoni. Damu ilikwisha kukauka. Bunduki yake iliegemea sanduku. Saa yake ya dhahabu ilikuwa mfukoni, na bado inatembea.

Shaush Sadallah alipiga goti kando ya maiti. Alikuwa sajini wa polisi wa boma la Kibiti, Msudani mrefu mwenye mvi za kwanza kidevuni. Wadachi walimchukua Misri angali kijana, wakamleta kupigana vita visivyomhusu. Siku hizi kazi yake ilikuwa kuwasaka wezi na wauaji, na kazi hiyo aliijua. Kukaa na watu ndiko kulikomshinda. Akipita barazani, mazungumzo hukatika. Hata mkewe, Mwantumu, alikuwa amerudi kwao Mchukwi, akisema hawezi kula cha Mdachi huku ndugu zake wanapigwa risasi. Sadallah hakumlaumu. Alikuwa akipika chungu kidogo na kula peke yake, basi.

"Umemaliza?" Luteni alisimama mlangoni pa hema. Alikuwa Mdachi kijana, mwenye macho ya njano kwa homa. Boti yao ya doria ilikuwa imefika alfajiri, ikakuta mtafaruku.

"Bado, bwana."

"Unachunguza nini? Waasi wamemuua. Yule mpiga kafi wake amekutwa na chupa ya maji ya uganga. Maji yakijaa tunaondoka. Kabla hatujaondoka, yeye atanyongwa na kijiji kitachomwa."

Nje bahari ilikuwa imekupwa. Boti imelala ubavu kwenye tope, katikati ya mizizi ya mikoko. Maji yangerudi kabla ya alasiri.

"Bwana, waasi wana njaa ya bunduki. Hii wamemwachia nani?"

Luteni aliitazama bunduki. Akaitazama tena.

"Mpaka maji yajae," akasema, akatoka.

Sadallah akarudi kwenye maiti. Kuna jambo lililokuwa likimsumbua tangu alipoingia. Marehemu hakuwa kitandani wala hakuanguka ovyo. Alilazwa juu ya mkeka, kwa ubavu wa kulia. Macho yamefumbwa. Taya limefungwa kwa kitambaa safi. Uso umepanguswa. Aliyemuua, au aliyemkuta, alimlaza kama maiti ya Kiislamu.

Lakini alimlaza vibaya. Kichwa kilikuwa kaskazini, na uso ulitazama magharibi.

Sadallah akatoka.

Mpiga kafi alikuwa amefungwa kwenye nguzo ya dungu, kile kibanda cha juu ambamo watu hukaa kuwinga ndege wa mpunga. Mpunga ulikwisha kuvunwa, na dungu lilikuwa tupu.

"Jina lako?"

"Mtoro."

"Kwenu?"

"Maparoni."

"Ulikuwa na kazi gani kwa marehemu?"

"Kupiga kafi na kuonyesha njia. Mzungu yule alikuwa akitalii tu. Leo ngoma, kesho makaburi ya kale, keshokutwa wanawake wanatwanga. Kila kitu anauliza, hii nini, ile nini. Mtumishi wake, Mjawa yule, ndiye mpanga safari. Tulale wapi, tule nini, twende kwa nani."

"Na chupa?"

"Yangu. Nimekunywa, na nitakunywa tena."

"Usimwambie luteni maneno hayo."

"Ameniuliza, nimemwambia."

"Ulimuua mzungu?"

Mtoro alicheka bila furaha. "Ningemuua miye, bunduki ungeikuta?"

"Ulimgusa baada ya kufa?"

"Nimguse mzungu aliyekufa nikitafuta nini? Kitanzi?"

Sadallah akasogea karibu. "Kwenu mkizika, uso wa maiti mnauelekeza wapi?"

Mtoro alimtazama kama mtu aliyerukwa na akili. "Kibla, shaush. Kwani weye huziki?"

"Kibla wapi?"

Mikono ilikuwa imefungwa, kwa hiyo Mtoro alionyesha kwa kidevu. Kaskazini.

Aliyeiona maiti kwanza alikuwa Bi Mwanahawa, mjane wa pale Salale aliyekuwa akiwauzia wageni kamba wabichi. Sadallah alimkuta ameketi kizingitini, amejitanda kaniki, tayari amekwisha kutoa sufuria na mikeka nje. Alikuwa anangoja moto.

"Shikamoo, bibi."

Bi Mwanahawa alimwangalia kwa kitambo. Huenda hakutarajia salamu. "Marahaba."

"Jana hukusikia kitu?"

"Nilisikia. Jua linatua, natoka mtoni. Mzungu alikuwa anacheka. Halafu kimya. Halafu nikasikia mtu analia. Mtu mzima, mwanamume. Nimezika wanangu watatu, bwana shaush. Kilio kile nakijua."

"Alikuwa Mtoro?"

"Mtoro alikuwa hapa kwangu anakula ubwabwa. Majirani wote walimwona."

"Mbona hukumwambia luteni?"

"Kwani ameniuliza?"

Mjawa alikuwa amekaa peke yake nyuma ya hema, juu ya sanduku. Jina lake Marjuki, mtu wa kisiwa cha Jawa, mbali mashariki. Alikuwa mtu mfupi, mwembamba, amevaa shuka ya maua ya kahawia na kofia nyeupe ya haji. Mikono yake ilitulia magotini. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza.

"Nani ameua bwana wako?"

"Watu. Usiku kuja. Mimi lala."

"Watu wangapi?"

"Mingi."

"Walikuja kwa njia gani?"

"Mtumbwi."

"Maji yalikupwa usiku. Mtumbwi hauwezi kufika hapa, na mtu akishuka anazama topeni mpaka magoti. Nimelikagua hema lote. Hakuna hata alama ya tope."

Marjuki aliitazama mizizi ya mikoko. Kaa mdogo alipita mbele yao, akaingia shimoni.

Sadallah akaketi chini. Kisha akabadili lugha. Alimsemesha Kiarabu, ile lugha aliyokuwa akiitumia katika sala tu, kwa kuwa hakuwa na mtu wa kuzungumza naye.

"Haji, ulisoma Maka?"

Mtu yule aligutuka. Macho yake yakajaa uhai ghafla. "Miaka miwili," akajibu kwa Kiarabu, tena Kiarabu kizuri. "Wallahi, ndugu yangu, tangu Zanzibari sijasikia mtu akinisemesha hivi."

"Nami pia. Niambie, kwenu Jawa mkisali mnaelekea wapi?"

"Magharibi," akajibu, kabla hajafikiri.

Neno lile likabaki baina yao. Marjuki aligeuka akalitazama hema. Kisha akaitazama mikono yake, na mabega yakamshuka kama ya mtu aliyetuliwa mzigo.

"Watu wa hapa wangemwelekeza kaskazini," Sadallah akasema polepole.

"Ndiyo."

"Ulimpiga kwa nini?"

"Kwa nyundo ya masanduku. Iko pale, chini ya mizizi ya ule mkoko uliopinda."

"Sikuulizi silaha, Haji. Nauliza sababu."

Marjuki akavuta pumzi, akaanza. Aliongea kwa kasi.

"Kwetu nilikuwa mtembeza wageni. Wazungu wakishuka melini walikuwa wananiulizia kwa jina. Nawachukua safari ya siku nyingi, kwa farasi na kwa miguu. Nawaonyesha hekalu la mawe la watu wa kale, kubwa kama kilima. Nawapandisha mlima unaofuka moshi. Nawaingiza uani kwa sultani waone wachezaji, nawafundisha kuvua viatu na kunyamaza. Jioni ya mwisho nawaleta nyumbani kwangu. Mke wangu anapika. Binti yangu, Suminah, anawachezea ngoma aliyojifunza. Alikuwa mdogo, anasahau hatua, anaanza upya, na wageni wanapiga makofi.

"Bwana Lorenzi naye alipiga makofi. Akaniambia, twende Afrika, unipangie safari kama hii, safari moja tu, kisha nitakurudisha. Tukapitia Singapuri. Tukafika Zanzibari. Siku ya kwanza nilisali nikielekea magharibi, watu msikitini wakanicheka. Safari moja ikawa mbili. Mbili zikawa miaka. Kila mahali nilimtafutia Suminah kitu. Ushanga Bagamoyo. Kikapu cha ukindu Maparoni. Nilikuwa namkuza kichwani mwangu, ndugu yangu. Nasema, sasa anajua kusuka. Sasa anasoma Kurani. Sasa kikapu hiki kitamfaa."

Alipiga kidogo sanduku alilokalia.

"Jana nikaona mashamba haya. Mabua ya mpunga, vibanda vya kuwinga ndege. Sisi pia tuna vibanda kama hivi. Nikamwambia bwana, nimechoka, nirudishe. Alikuwa amekunywa. Akacheka. Akasema, urudi kwa nani, Marjuki? Kipindupindu kilipita kijijini kwenu tukiwa bado Singapuri. Mkeo na mtoto, wote wawili. Niliambiwa hotelini. Ningekuambia ungegeuka, nami ningempata wapi kiongozi kama wewe?"

Sadallah alilitazama lile sanduku.

"Kisha akanipa kisogo, akainama kutafuta tumbaku yake. Nilikuwa napigilia sanduku. Nyundo ilikuwa mkononi."

"Halafu ukamlaza."

"Halafu nikalia. Nilipomaliza kulia niliona mtu amelala chini, macho wazi. Sikumwona yeye. Niliona maiti mbili ambazo sikuitwa kuzilaza. Nikamfumba macho, nikampangusa uso, nikamlaza kama tunavyolaza kwetu."

Maji yalikuwa yameanza kurudi. Yaliingia kimya kwenye vijito, yakafunika tope kidogo kidogo.

"Mtoro angenyongwa," Sadallah akasema. "Na wale akina mama wangechomewa nyumba. Ungenyamaza?"

Marjuki aliinamisha kichwa. "Asubuhi walipomfunga nilitaka kusema. Nikajiambia, nitasema kwa lugha gani?"

"Hata kidole kinasema."

"Kinasema. Niliogopa, ndugu yangu. Ndiyo hivyo tu, niliogopa."

Sadallah alisimama, akampa mkono kumwinua. Hakumfunga kamba.

Askari alitumwa kwenye mkoko uliopinda, akarudi na nyundo. Nywele za njano zilikuwa bado zimeganda kwenye chuma chake. Luteni aliishika, akamsikiliza Sadallah mpaka mwisho, na uso wake ulionyesha uchovu kuliko hasira.

"Mtumishi wake? Kwa sababu ya mtoto aliyekufa zamani?"

"Kwa sababu alifichwa habari, bwana."

"Na chupa ya maji?"

"Chupa haijaua mtu."

Luteni alikitazama kijiji, akawatazama wanawake waliosimama karibu na vyombo vyao. Boti ilikuwa imeanza kuelea. Akaamuru Mtoro apigwe viboko hamsa ishirini kwa ajili ya chupa, kisha afunguliwe. Salale haikuchomwa. Bi Mwanahawa alianza kurudisha sufuria zake ndani, moja moja, bila kumtazama mtu.

Marjuki alihukumiwa bomani, akanyongwa. Kesi ilikwisha haraka, maana hakubishana na lolote. Luteni aliposema maiti itupwe shimoni, Sadallah aliiomba, akapewa.

Aliiosha mwenyewe. Alipeleka habari kwa watu wa Kibiti kwamba kuna maiti ya Mwislamu, mgeni, haina ndugu, wanaotaka wahudhurie. Walimsikiliza kwa heshima. Hakuja mtu. Nani angetoka kwenda kuzikana na shaush wa Wadachi, siku zile ambazo bunduki zilikuwa zikisikika ng'ambo ya mto?

Alichimba kaburi mpaka mikono ikatoka malengelenge. Jua lilikuwa limepinduka alipoona watu wanakuja kwa njia ya Salale. Mbele alikuwa Mtoro, anatembea amekakamaa kwa sababu ya mgongo. Nyuma yake wanaume sita, miguu imejaa tope.

"Assalaam aleikum," Mtoro akasema. "Bi Mwanahawa ametoa sanda. Alikuwa ameiweka kwa ajili yake mwenyewe. Amesema mtu yule alilia kilio cha mzazi, asizikwe ndani ya magunia."

"Mungu amlipe."

"Hatukuja kwa ajili yako, shaush."

"Najua."

Walimvisha, wakasimama safu, wakamsalia. Katika safu ile Sadallah alisimama katikati, bega la huyu kulia, bega la yule kushoto. Hakukumbuka mara ya mwisho kuguswa na bega la mtu. Walipomaliza kufukia, wale wengine waliondoka mbele bila kuaga. Mtoro alibaki nyuma kidogo, anakung'uta udongo mikononi.

"Nina neno moja, kisha deni letu limekwisha," akasema. "Kibiti itawaka. Sikuambii lini. Nikikukuta siku hiyo, sitayakumbuka ya leo. Ondoka. Rudi kwenu."

"Kwetu?"

"Ndiyo, kwenu. Kwani huna kwenu?"

Sadallah alifungua kinywa ataje jina la kijiji, kule Dongola, kwenye mitende. Alitaka kusema, nina mama. Nina kaka, na dada aliyekuwa akibeba maji. Maneno yalimfikia ulimini, yakasimama. Tangu alipopanda ile meli, hakuna mtu aliyemletea habari za kwao, za heri wala za shari. Naye hakuwa ameuliza.

Mtoro alingoja jibu kwa adabu, kama mtu anavyongoja mlangoni baada ya kupiga hodi. Alipoona kimya, akaitika kwa kichwa, akageuka, akawafuata wenzake.