Vitoto vya Mjusi Vina Chumba Chao

Asubuhi nyumbani kwetu ina kazi tatu. Mimi nachemsha chai. Binti yangu anapiga pasi nguo zake za kazini. Na Kidoti, mjukuu wangu wa miaka kumi, analisha mjusi wake.

Mjusi huyo ni jike, wa njano mwenye madoa meusi. Tulimwita Bi Mkubwa. Anakaa sebuleni katika sanduku la kioo. Kidoti alipewa na jirani yetu, fundi saa, ambaye amefuga mijusi miaka mingi. Dume ni la fundi mwenyewe. Lililetwa kwetu wiki moja kama bwana harusi, kisha likarudi kwao.

Bi Mkubwa akataga mayai mawili. Fundi akamwonyesha Kidoti namna ya kuyatunza. Yai lisigeuzwe, maana kilichomo ndani kinaweza kufa. Basi Kidoti akatia alama ya penseli juu ya kila yai. Akayalaza kwenye kopo lenye mchanga wenye unyevu, akaliweka mahali penye joto. Kila siku alikata siku moja kwenye kalenda. Alikata karibu miezi miwili.

Mayai yakapasuka Kidoti akiwa shuleni. Nilikuta vitoto viwili vimetoka, vina milia, kila kimoja kirefu kama kidole changu. Nikavionea huruma. Mimi nimelea watoto sita, na wote walilala ubavuni mwangu. Mtoto akae koponi na mama yake yupo hapo hapo? Nikavibeba kwa kijiko, taratibu, nikaviweka mbele ya Bi Mkubwa. Nikaenda kuanika nguo, moyo wangu mweupe.

Niliporudi, kitoto kimoja hakipo. Cha pili kimejibana nyuma ya bakuli la maji, hakina mkia. Bi Mkubwa analamba midomo.

Nikamwita fundi. Alikuja mbio, lenzi ya kazini bado ikiwa jichoni. Alikitoa kitoto kwanza, maneno baadaye.

"Mama, huyu hajui kama ni mwanawe," akaniambia. "Kwake kitu kidogo kinachotembea ni chakula."

"Hata mama mzazi?"

"Hata mama mzazi. Mjusi hutaga akaenda zake. Hana kulea. Hata akiwa ameshiba usimwamini. Kosa ni langu pia. Niliwafundisha yai, sikuwafundisha mtoto."

Tukatafuta sanduku dogo lenye kifuniko cha matundu. Fundi akatandika karatasi safi, si mchanga, ili kidonda kisiingie uchafu. Upande mmoja akauacha uwe na joto, wa pili uwe na ubaridi, kitoto kichague chenyewe. Maji akayatia kwenye kifuniko cha chupa, kisije kikazama. Akaniambia kisingekula mpaka kivue ngozi ya kwanza, siku tatu au nne, nisihangaike. Baada ya hapo kilishwe nyenje wadogo, wasiozidi upana wa nafasi kati ya macho yake. Na hata vitoto vyenyewe, kimoja kikimzidi mwenzake ukubwa, vitenganishwe.

Fundi akaenda zake. Nikabaki na maganda mawili mkononi. Ningeweza kulitupa moja, nikasema yai la pili liliharibika. Nani angejua? Lakini mtoto aliyekata siku kwenye kalenda hadanganywi hesabu.

Kidoti aliporudi nilimketisha nikamwambia yote. Alifungua kamba ya kiatu, akaifunga tena.

"Ulivionea huruma, Bibi?"

"Nilivionea huruma."

"Basi huruma yako haikusoma."

Akaanza kulia, nami nikalia. Tulipomaliza alinishika mkono, akaomba nimwonyeshe kile kilichobaki. Alikaa mbele ya sanduku dogo mpaka chakula kikapoa mezani. Siku iliyofuata sanduku kubwa lilikuwa na karatasi imebandikwa: BIBI, HAPA SI CHEKECHEA. Binti yangu alicheka mpaka akachelewa kazini. Sikuibandua.

Kitoto kikavua ngozi, kikala. Mkia ukaota upya, mfupi, mnene, umepinda kama kipande cha tangawizi. Jina likapatikana hapo hapo. Leo Tangawizi ni mkubwa, ana sanduku lake, na akiniona husogea kwenye kioo. Anadhani nimemletea nyenje. Mara nyingi huwa nimemletea.

Fundi nilimshukuru kwa kumshonea aproni ya kazini. Akasema ni mshahara mkubwa kuliko kazi. Mimi najua si hivyo.

Mwezi uliopita Bi Mkubwa alitaga tena. Sanduku dogo lilikuwa tayari, karatasi imetandikwa, kifuniko cha chupa mahali pake. Nilisimama mbali, mikono nyuma. Kidoti akayatazama mayai, akanitazama mimi. Kisha akaninyooshea penseli.

"Tia alama wewe, Bibi," akasema. "Mkono wako hautetemeki."

Ulitetemeka kidogo. Alama zikatokea vizuri.