Maji ya Dimbwi

Picha ilikataa kukauka.

Dada aliichora Jumatatu juu ya miamba, jua likiwa utosini, na upepo wa baharini ukivuma, ule upepo ambao hukausha karatasi kabla mchoraji hajachovya brashi mara ya pili. Jumanne ilikuwa bado mbichi. Jumatano asubuhi aliigusa pale ilipoegemea ukuta wa sebule, na kidole kikarudi na tone. Akalionja. Chumvi.

"Hiyo karatasi ina homa," mama yao alitania, akipita na beseni la nguo. "Inatoka jasho."

Dada hakucheka. Alijua alichokifanya.

Wachoraji nyumbani humo walikuwa wawili. Dada, mkubwa, ndiye aliyemfundisha mdogo wake kushika brashi, kulowesha karatasi, kuacha weupe wake uwe povu la wimbi. Mdogo walimwita Chiriku, kwa kuwa mdomo wake haukujua likizo. Kila asubuhi walikaa miambani bega kwa bega, wakachora ufuko uleule. Dada alibeba maji safi ya bomba kwenye chupa. Chiriku alichota kikopo kwenye dimbwi moja linalobaki kati ya miamba bahari ikipwa. Alichora, akapaka gundi na kunyunyiza mchanga, akasugua mkaa kwa kidole gumba, na alipomaliza aliyarudisha maji dimbwini mpaka tone la mwisho.

"Unalichafua bure," Dada alimwambia siku moja.

"Nimeazima, Dada. Dimbwi lina mwenyewe."

"Nani?"

"Sijamuuliza. Lakini wewe ukiazimwa sufuria, si afadhali irudi na masizi kuliko isirudi kabisa?"

Wakacheka. Siku hizo walikuwa bado wanacheka.

Kisha akaja mwenye jumba la picha. Alikuwa na ukuta mmoja mtupu, na mchoraji mmoja wa kumpa. Alisimama mbele ya picha ya Dada akasema, "Safi sana." Akasimama mbele ya picha ya Chiriku, akaisogelea, akasema, "Hii inapumua." Angerudi Alhamisi kuchagua.

Neno lile likamkaa Dada kooni kama mwiba wa samaki. Safi. Sahani ndiyo huwa safi. Miaka kumi na minne ya kuchora, na sifa aliyopata ni ya sahani.

Basi Jumatatu, Chiriku alipokwenda kununua gundi, Dada alishuka miambani peke yake na chupa tupu, akaijaza kwenye dimbwi. Brashi ilikwenda kama iliyoitwa. Bahari ikashuka ndani ya karatasi, ikawa na kina, ikawa na uzito. Alipomaliza, maji machafu yalibaki nusu chupa, na dimbwi lilikuwa hatua tatu tu kutoka alipoketi. Akasimama, akasita. Mimi nimwige Chiriku? Akaifunga chupa, akaenda nayo nyumbani, akayamwaga kwenye sinki la jikoni.

Jumanne Chiriku akaanza kukohoa.

Siku hiyohiyo Dada aliona kitu pichani. Karibu na ufuko, maji yakimfika magotini, alisimama mtu mdogo wa kike mwenye kitambaa cha njano kichwani. Dada hakumchora. Kitambaa cha njano nyumbani humo kilikuwa kimoja tu, na mwenye nacho alikuwa amelala chumba cha pili, akikohoa.

Na sasa, Jumatano, maji yalimfika yule mtu kifuani.

Nyumba nzima ilinuka mwani. Kwenye sinki, bomba likiwa limefungwa, kulisikika mtu akinywa, gudu, gudu, kisha akivuta pumzi. Na pale Dada alipoinama kufagia ukumbi, aliona nyayo zilizokauka zikawa chumvi, nyayo nyembamba zilizotoka mlango wa jikoni, zikapita mbele ya mlango wake bila kugeuka, zikaingia kwa Chiriku, zikafika ukingoni mwa kitanda, na hazikutoka, na alipozifuta kwa tambara zilijichora tena nyuma ya mkono wake, moja baada ya nyingine, bila haraka, kama mtu anayejua kuwa amealikwa.

Alasiri Chiriku alikohoa ndani ya beseni, na kilichotoka kilikuwa maji ya buluu.

Mama hakusubiri. Akamwita mganga, mwanamke mfupi aliyekuja moja kwa moja kutoka kazini, mkoba ukiwa bado begani. Hakumgusa mgonjwa. Alinusa sinki, akatazama sakafu, akawageukia.

"Nani kaleta maji ya wenyewe humu ndani?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Mama akamtazama Dada. Dada akatazama kucha zake.

"Mwenye maji kachukua rehani," mganga alisema. "Na hachagui ovyo. Huchukua kile ambacho roho ya mkopaji ilikuwa tayari kukiachia." Akapandisha mkoba begani. "Yarudishwe. Yote."

"Mwanangu," mama alinong'ona mganga alipoondoka, "kama unajua kitu..."

"Sijui kitu, mama."

Kesho ilikuwa Alhamisi.

Mwenye jumba la picha alifika asubuhi. Picha ilikuwa imemeza mtu wake mpaka kidevuni, na mdomo, mdogo kuliko punje ya mtama, ulikuwa wazi. Yeye hakuona mtu. Aliona bahari.

"Hii," alisema, na sauti yake ikatetemeka. "Ukuta ni wako. Mchana natuma gari."

Neno alilolingoja miaka kumi na minne. Dada alifungua mdomo ashukuru, ndipo akagundua kwamba kikohozi kimenyamaza.

Gari la yule bwana lilipotoka tu, aliishika picha. Chupa ilikuwa tupu, sinki limekwisha kunywa. Maji ya dimbwi yaliyobaki duniani yalikuwa mle karatasini. Akachukua na wembe wa kuchongea penseli. Njiani akasimama mara moja tu, akakata pembeni kipande cha upana wa kiganja, maji matupu, hakina mtu. Kilichobaki akakizamisha dimbwini na kukisugua kwa viganja vyote viwili mpaka bahari yake ikatoka kama moshi, na kitambaa cha njano kikaelea, kikazunguka, kikayeyuka.

Jioni Chiriku aliketi mezani, akala, akasema bila kumeza.

"Mama kaniambia ulichaguliwa. Iko wapi?"

"Iliharibika."

"Pole, Dada wangu. Akinipa mimi huo ukuta, tutagawana. Nusu kwa nusu, na asipotaka akachore mwenyewe."

Dada akatabasamu, akasema asante, akainuka kwenda chumbani. Kitabu alichokificha kile kipande ndani yake kilikuwa juu ya kitanda pale alipokiacha, kimevimba, kurasa zimelowa, shuka chini yake limelowa. Alikifunua. Kipande kilikuwa kinang'aa, kinapumua, kizuri kuliko chochote alichowahi kuchora. Katikati yake palikuwa na nukta ya njano.

Mezani, Chiriku alikohoa. Mara moja, kidogo, kama mtu aliyepaliwa.

Dada alikifunga kitabu taratibu, akakisukuma chini ya mto.